Barua ya wazi kwa kamati ya onyesho la dansi la jiji letu: ishara za wazee wa Walukuba si mapambo

Walukuba, Jinja

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe wote wa kamati ya maandalizi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ONYESHO LA DANSI YA KISASA LA HISTORIA NA VIWANDA VYA JINJA

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Nimewaandikia barua tatu. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Ya pili niliipitisha kwa katibu wenu, akaniahidi jibu ndani ya wiki moja. Ya tatu niliiacha mapokezi baada ya kukaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane, nikiambiwa kila nikiuliza kwamba wakubwa wako kikaoni. Simu nimepiga mpaka nimeacha. Sasa nasikia onyesho linapelekwa Kampala, na baadaye huenda likavuka mipaka. Ndiyo maana nawaandikia hadharani, ili jambo hili lijulikane kabla basi la wasanii halijaondoka.

Mimi ni mwalimu wa dansi. Nafundisha watoto hapa Walukuba mwaka wa 16 sasa. Baba yangu alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo cha mjini hapa. Mlipotafuta watu wa kuwaeleza wasanii wenu jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika kiwandani, mimi ndiye niliyebisha hodi nyumba kwa nyumba, nikawapata wazee saba, wanaume watano na akina mama wawili, nikawaleta kwenye mazoezi alasiri 11. Niliwaambia ninyi ni watu wa kuaminika. Leo nikipita barabarani naulizwa mimi, ninyi hamuulizwi.

Kwanza niseme lililo jema, maana ni kweli na sitalificha. Wasanii wenu 14 wana vipaji vikubwa. Sehemu ya bwawa ilinitoa machozi. Pale walipolala sakafuni wakawa mawe ya maporomoko ya Ripon, kisha kile kitambaa cha buluu kikaja juu yao polepole, pumzi kwa pumzi, mpaka jiwe la mwisho likazama na ukumbi ukanyamaza, nilimkumbuka bibi yangu. Yeye aliyajua maporomoko hayo kabla bwawa la Owen Falls halijafunguliwa mwaka 1954, na alikuwa akituambia kwamba usiku wa kwanza bila ule mngurumo hakulala. Aliyetunga kipande kile ameisikiliza Jinja. Ndiyo maana mengine yaliyofuata yaliniuma zaidi.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Ishara ya ajali mmeigeuza shangwe.

Kwa ambaye hajawahi kuingia kwenye jumba la kufumia nguo, naomba nieleze kidogo. Katika mitambo ya zamani uzi wa mshindio, ule unaokatiza kwa upana, ulirushwa katikati ya nyuzi za mtande, zile zilizotandazwa kwa urefu, kwa chombo cha mbao chenye ncha za chuma, kikaenda upande huu kikarudi upande ule, zaidi ya mara mia moja kwa dakika. Kila kinapogota mwisho wa njia yake kinapiga kishindo. Panga mitambo hiyo safu kwa safu chini ya paa moja, halafu jaribu kumwita mwenzako aliye hatua mbili kutoka ulipo. Hasikii. Ukipayuka hasikii.

Basi wafumaji wakawa na lugha ya mikono. Vidole viwili vikifunguka na kufunga kama mkasi, uzi umekatika. Kugonga bega mara tatu, msimamizi anakuja. Kiganja kikizungushwa juu ya tumbo, chai imefika. Baba alirudi nayo nyumbani lugha hiyo, kwa sababu alipofika umri wa miaka arobaini masikio yake yalikuwa yamekwisha. Mama alikuwa akisimama mlangoni pa jikoni anazungusha kiganja tumboni, na baba aliyekuwa uani chini ya mwembe anainuka kuja kula. Sisi watoto tulizijua ishara hizo kabla hatujajua kusoma. Nikiulizwa nani alinifundisha dansi, jibu langu ni hilo: wazazi wangu, uani, bila muziki.

Ishara moja haikuletwa nyumbani kamwe. Baba hakuwahi kutuonyesha. Niliiona mara ya kwanza siku ya tisa ya mazoezi yenu, mbele ya mtunzi wenu wa dansi na wasanii wote. Mikono miwili inapaa juu ya kichwa na kupishana, kisha wa kulia unashuka, unakamata kifundo cha mkono wa kushoto na kukibana kifuani. Maana yake ni moja tu: zima, mtu amenaswa. Aliyeiona alipaswa kuirudia papo hapo ili aliye nyuma yake naye aione, na wa nyuma yake, mpaka imfikie aliye karibu na swichi kuu. Mzee aliyewaonyesha alikuwa fundi wa mitambo. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Alipomaliza alisema, na wote tulimsikia: "Hii msiichezee."

Mliichezea. Mmeiweka mwisho kabisa wa onyesho, ngoma zikiwa zimepamba moto, taa za rangi zikizunguka, wasanii 14 wakipokezana ishara ile kutoka kushoto kwenda kulia kama wimbi, nyuso zote tabasamu. Kisha mshereheshaji akawaomba watazamaji wasimame waige. Watu wakasimama. Mawaziri na wafadhili na wake zao wakapunga mikono juu, wakakamata vifundo, wakacheka. Siwalaumu wao, hawakujua. Ishara hiyohiyo ndiyo iliyoko kwenye bango lenu kubwa karibu na mzunguko wa barabara.

Nilikuwa nimeketi karibu na yule mzee fundi. Nilimnunulia tiketi mwenyewe. Wimbi lile lilipoanza aliinuka, akapita magoti ya watu mpaka kwenye njia, huku anaangalia ukutani, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Nilidhani amechoka. Nikamfuata, nikamshika koti. Alikuwa anatafuta swichi.

Nje kwenye ngazi, alipotulia, aliniuliza: "Mwanangu, hawa watu uliwaambia maana yake?" Niliwaambia. Naye aliwaambia. Waheshimiwa, hapo ndipo ninapokwama kila nikijaribu kuwatetea.

2. Majina na posho.

Kijitabu cha onyesho kina kurasa nane. Yumo fundi wa taa, yumo msusi, yumo aliyetoa magari, yumo aliyetoa maji ya kunywa. Wazee saba hawamo. Kuna mstari mmoja wa shukrani "kwa jamii ya Walukuba". Jamii ya Walukuba haikuja mazoezini. Walikuja watu saba, kwa miguu, wengine na fimbo, na mmoja wa wale akina mama alikuja siku moja akiwa na homa kwa sababu alikuwa ameahidi kuwaonyesha wasichana jinsi fundo la mfumaji linavyofungwa kwa vidole viwili bila kutazama. Alilifunga mara arobaini mbele ya msanii wenu mmoja mpaka akaliweza. Kipande kile cha vidole peke yake, taa ikiwa imemulika mikono tu, ndicho magazeti yalichokisifu.

Posho waliyoahidiwa ni shilingi 20,000 kwa kila alasiri. Walilipwa alasiri nne. Zimebaki saba. Kwa watu saba, deni ni shilingi 980,000. Tiketi moja ya onyesho lenu ni shilingi 50,000, kwa hiyo deni lote halifiki bei ya tiketi ishirini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa wamecheza kwao, na waliotunzwa ni wengine.

3. Lugha.

Onyesho zima linasimuliwa kwa Kiingereza. Msimulizi, nyapara, mpiga filimbi ya zamu, hata mfanyakazi anayeomba ruhusa ya kwenda kumzika mtoto wake, wote Kiingereza. Mimi sina ugomvi na lugha hiyo, nimesomeshwa kwayo. Lakini Walukuba ilijengwa na serikali ya kikoloni kuwa makazi ya wafanyakazi, na waliokuja kukaa humo walitoka kila upande. Msoga alipangiwa chumba karibu na Mluo wa Kisumu, Msamia karibu na Mlugbara, Macholi karibu na Mnyarwanda na Mganda. Waliongeaje? Kwa Kiswahili. Cha kuvunjikavunjika, cha kuazima, kila mtu akitia chake, lakini Kiswahili. Kwa lugha hiyo waligombea bomba la maji asubuhi, wakapanga vikao vya chama cha wafanyakazi, wakashangilia mpira, wakachumbiana. Mama yangu ni Msoga, baba yangu alizaliwa ng'ambo ya Busia. Bila Kiswahili mimi nisingezaliwa.

Najua yanayosemwa nchini kwetu, kwamba hii ni lugha ya askari na ya wezi. Jinja ni mji wa kambi ya jeshi, tumeyasikia hayo kuliko wengi, na wapo waliotishwa kwa Kiswahili usiku na hawajasahau. Kilio chao nakiheshimu. Lakini Kiswahili cha viwandani ni habari nyingine, nacho hakijasimuliwa. Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto ninaowafundisha dansi wanarudi nyumbani na daftari la Kiswahili, babu zao wanawasahihisha. Kisha mnatengeneza onyesho la maisha ya babu hao, na babu akiketi ukumbini haelewi anachosema mtu anayemwigiza.

4. Historia mliyoiruka.

Hapa nitachukua nafasi kidogo, maana ndipo penye kiini cha mji.

Mnafungua na Speke, yule mpelelezi Mwingereza, anayefika mto Nile Julai 28, 1862, na darubini yake. Sawa, alifika. Lakini jina la mji lilikuwepo: Jinja ni mawe, na kwenye mawe hayo watu wa Busoga na Buganda walikuwa wakivuka kwa mitumbwi tangu enzi na enzi. Baadaye mnatuonyesha reli ya kwenda Namasagali ya mwaka 1912, daraja la reli la 1931, kiwanda cha sukari cha Kakira kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, Malkia Elizabeth akifungua bwawa Aprili 1954, shaba ya Kilembe ikishuka kwa treni kuja kuyeyushwa Jinja kuanzia 1956. Vizuri sana vyote. Kisha taa zinazimwa, zinawashwa, na mara tuko kwenye daraja jipya la Nile la mwaka 2018 na sherehe za mji kuwa jiji Julai 1, 2020.

Zaidi ya miaka sitini gizani!

Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwaondoa wafanyakazi wengi wa Kenya. Wazee waliwasimulia wasanii wenu, nilikuwepo: jirani anafunga godoro kwa kamba, sufuria anaziacha kwa rafiki, anasema atarudi kuzichukua. Sufuria moja ingalipo mtaani kwetu. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90. Jinja ilikuwa mji wao kwa kiasi ambacho Kampala haikuwa. Tembeeni barabara kuu muangalie juu ya milango ya maduka: majina ya familia na miaka ya kujengwa yamechongwa kwenye saruji, na chini yake mtu mwingine anauza simu. Watoto wangu wa dansi huniuliza hao ni akina nani. Walipoondoka wao, waliondoka pia waliojua wapi pa kuagiza vipuri, na viwanda vikaanza kukohoa kimoja baada ya kingine.

Mmoja wa wale akina mama aliwasimulia jambo ambalo nilikuwa na hakika litakuwa moyo wa onyesho. Alisema siku moja zamu yao ilifika kazini, wakapiga kadi kama kawaida, wakaingia, uzi hakuna. Mitambo imesimama yote. Wakaambiwa wasubiri. Wakakaa kwenye masanduku, jumba zima kimya, mara ya kwanza tangu aajiriwe. Na katika kimya kile, watu ambao sasa wangeweza kusikilizana hata kwa kunong'ona, waliendelea kuzungumza kwa mikono. Alisema: "Midomo iliona aibu." Walikaa hivyo zamu nzima. Kesho yake vilevile.

Mtunzi wenu aliandika maneno hayo kwenye daftari. Nilimwona. Nikasema moyoni, hapa sasa, tutaona watu 14 wameketi kimya wakiongea kwa vidole, na kila aliyezaliwa mji huu ataujua ugonjwa uliompata baba yake aliporudi nyumbani bila kazi. Badala yake tulipewa dakika tano za fataki za sherehe ya jiji.

5. Bigwala kwenye spika.

Mmetumia sauti za bigwala zilizorekodiwa. Mwaka 2012 UNESCO iliziingiza tarumbeta hizi za vibuyu za Wasoga kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa sababu wapigaji walikuwa wamebaki wazee wachache sana. Kila kibuyu kina noti moja tu. Ili wimbo utoke lazima wapigaji wote wawepo, kila mmoja aingie kwa zamu yake. Wapigaji tunao Busoga hii hii. Onyesho la kusherehekea urithi wetu likikataa kuwapa nauli, nani atawapa?

6. Mahali na bei.

Onyesho lilifanyika hotelini kando ya mto, saa moja na nusu usiku, tiketi shilingi 50,000. Kati ya wazee saba waliliona wawili, na tiketi zao nilinunua mimi. Hakuna la kuongeza.

Waheshimiwa, najua mtakavyojibu, maana baadhi nimeyasikia kwa wajumbe wenu mmoja mmoja.

Mtasema sanaa ina uhuru wake na mtunzi hafungwi na maana ya zamani. Ni kazi yangu, naelewa. Mwendo wa mwili unaweza kutolewa mahali pamoja ukapewa maana mpya, nami nafanya hivyo na wanafunzi wangu kila wiki. Lakini mtunzi wenu hakuwapa watazamaji nafasi ya kujua ametoka wapi na amekwenda wapi. Aliombwa na mwenye ishara asiichezee, akanyamaza, kisha akaichezea akiwa na mwenye ishara ukumbini. Kama angesimamisha muziki, akaiacha ile ishara ipite kwenye kimya mkono kwa mkono mpaka kwenye swichi na taa zikazimika zote, angekuwa huru vilevile, na mzee angebaki kwenye kiti chake.

Mtasema bajeti ilikwisha. Basi ilikwisha baada ya fataki.

Mtasema hakukuwa na mkataba wa maandishi na wazee. Ni kweli, na kosa hilo nashiriki. Mimi niliona haya kuwaomba karatasi, nikategemea neno lenu. Lakini siku nne mlilipa kwa neno hilohilo, bila karatasi. Siku ya tano neno lilibadilika nini?

Mtasema mambo ya 1970 na 1972 ni ya siasa, yataudhi wageni. Wajukuu wa waliofukuzwa huja Jinja kila mwaka kutafuta nyumba za babu zao. Nimewaonyesha njia mara kadhaa. Sijamwona hata mmoja aliyeudhika kwa kukumbukwa.

Na mtasema mimi nina wivu kwa kuwa sikupewa kazi ya kutunga. Sikuiomba. Nilichoomba kwenu mara zote tatu ni haya, nayarudia hapa:

Wazee saba walipwe shilingi 980,000 walizobakishiwa, mkononi mwao, kabla onyesho halijaonyeshwa tena popote. Majina yao, kwa idhini ya kila mmoja, yaandikwe kwenye kijitabu kama wakufunzi wa mwendo, si kama jamii.

Ishara ya kunaswa iondolewe kwenye bango mara moja, na iondolewe pale mwisho. Ikiwa mtunzi bado anaihitaji ndani ya onyesho, akae na mzee fundi waamue pamoja iingie wapi na vipi. Kuwaomba watazamaji waige, kukome.

Usimulizi uandaliwe kwa Kiswahili, na yale ya nyumbani kwa Lusoga. Mimi na walimu wenzangu wawili tuko tayari kufasiri bila malipo. Itachukua wiki moja.

Kipande cha zamu iliyokaa kimya kiingizwe. Mama aliyekisimulia yuko hai na kumbukumbu yake ni timamu. Nendeni mkamwone mapema.

Na onyesho lije Walukuba, mchana, bila kiingilio, kabla ya Kampala. Kiwanja kipo. Nimeongea na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wetu, naye amekubali kukitoa siku yoyote isipokuwa Jumapili. Umeme tutavuta kutoka shuleni, mwalimu mkuu ameridhia. Viti vya wazee tutakusanya majumbani, watoto watakaa chini. Wapigaji wawili wa bigwala wamesema watakuja na wenzao mkiwalipia usafiri tu.

Nawaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu leo. Msipojibu, siku ya kumi na tano nitakwenda na wale wazee wanaoweza kutembea tukae kwenye lile benchi la mapokezi mpaka mkutano na kamati upatikane. Tutakuwa wapole. Tutasalimia kila anayepita.

Mzee fundi ameniagiza niongeze jambo moja, nami naliandika kama alivyolisema. Anasema msichana wa tatu kutoka kushoto, aliyevaa gauni la kijivu, anakamata kifundo upande usiofaa. Kidole gumba kinapaswa kukaa ndani, juu ya mshipa. Mkimwita mazoezini atakuja kumwonyesha.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa dansi na binti wa mfumaji, Walukuba.
(Jina na nambari yangu ya simu mnavyo katika barua zangu tatu.)

Nakala:
Wazee saba, kwa mkono
Mwenyekiti wa LC1 wa mtaa wetu
Wasanii 14 wa onyesho, ambao sina kinyongo nao